Mwanaume Aliyelala Kisiwani

"Huyu mwanaume ni nani, Faraja?"

Elisha hakukaa hata kwenye kiti alichopewa. Alisimama pale barazani kwa kina Faraja, Magomeni ya Mtwara, na sare zake za bandarini, simu kainyoosha mbele kama askari anayeonyesha kitambulisho. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya kibanda cha makuti, na ndani yake jitu lenye ndevu mpaka kifuani limelala chali. Kando yake amepiga magoti msichana mwenye kitambaa chekundu kichwani, anamlisha samaki. Juu ya msichana pameandikwa jina: Binti Ruvuma. Juu ya lile jitu: Chumvi.

"Ni mchezo tu, Eli."

"Najua ni mchezo. Siku ya kwanza nilikuuliza, ukasema unacheza mara mojamoja. Kumbe kila siku uko huku. Rafiki yangu Jafari amekufuatilia humo wiki nzima. Ukitoka shule unaingia, unavua samaki, unawachoma, unampelekea huyu. Hujengi meli, hupigani, humwibii mtu. Kazi yako kulisha mwanaume."

"Amelala."

"Naona amelala. Nauliza ni nani."

Faraja aliisogeza ile simu pembeni.

"Siwezi kukwambia leo."

"Wajomba zangu wanatoka Songea Ijumaa. Jumamosi wanakaa kwenye sebule hii kujitambulisha kwa mama yako. Utaniambia lini sasa, tukishafunga ndoa?"

"Nipe muda kidogo."

"Basi usiniambie," Elisha alisema, akateremka ngazi. "Nitamuuliza mwenyewe."

Wivu bwana, ukiingia haupigi hodi. Sasa ngoja nikueleze alichoshindwa kusema huyu dada, maana ukikisikia utamwonea huruma, labda na kumshangaa pia.

Mchezo wenyewe vijana wa Mtwara wanauita Haramia. Jina lake la kizungu ni refu na hakuna anayehangaika nalo. Unaanza umetupwa ufukweni huna hata shati. Unatafuta maji, unavua, unakata miti, unajenga meli. Ukishaipata meli unakuwa haramia kama wenzako: unavamia, unafukia hazina, unaibiwa, unaanza upya. Na una sheria moja inayogombanisha watu. Ukizima kompyuta, mtu wako haondoki. Anabaki palepale ulipomwacha, amelala, na njaa inaendelea kumla. Asipopata wa kumlisha, anakufa.

Chumvi alikuwa mtu wa Baraka, mdogo wake Faraja, kitinda mimba wa Mama Veronika. Baraka mwenyewe hakuwa na ndevu hata unywele mmoja, ndiyo maana akamtengenezea mtu wake midevu ya kufagia sakafu. Jioni moja aliinuka kwenye laptop akasema, "Dada, nilindie Chumvi, naenda kuchukua vocha narudi." Akapanda pikipiki. Hakurudi. Walipotoka kumzika, Faraja aliingia chumbani, akaifungua ile laptop, akaingia kwa jina lake la Binti Ruvuma, akamkuta Chumvi bado anahema. Akamchomea samaki. Tangu siku hiyo, mwaka na ushee, hajakosa hata siku moja.

Nani angemwambia? Siku ya arobaini ndugu walikuja kutoka Iringa wakaanua matanga, nguo za marehemu zikagawiwa, picha ikashushwa ukutani, na Mama Veronika, muuguzi mzima aliyezoea kufunga macho ya watu, akatamka mbele ya wote, "Basi. Tumemaliza." Faraja akaomba ile laptop aandalie masomo anayofundisha pale shuleni Ziwani. Akapewa. Mama hakujua kama mwanawe yuko chumba cha pili amelala.

Elisha naye alikuja miezi michache baada ya mazishi, na Faraja alimpenda kwa dhati. Alikusudia kumwambia. Tatizo likaja kwenye maoni.

Watengenezaji wa Haramia walikuwa wanakusanya maoni ya wachezaji, na Waswahili walikuwa na kundi lao la WhatsApp, Haramia Kusini, ambako kila mtu alikuwa na lake. Mmoja aliandika, "Mchezo mtamu ila njaa imezidi. Nimekula kasa mzima na bado nazimia." Mwingine, "Punguzeni dhoruba, meli naijenga mwezi inazama nikienda kunywa maji." Mwingine akajibu, "Wewe ndugu yangu hujui kuendesha, usiisingizie dhoruba." Hapo walikuwa wanacheka wote. Kisha watengenezaji wakauliza swali: hawa waliolala muda mrefu, tuwaondoe au tuwaache?

Elisha alikuwa ndiye msemaji wa kundi, nahodha mwenye meli kubwa kuliko zote pale kwenye banda la gemu la Hemedi. Akaandika hivi:

"Maoni yangu: aliyelala mwaka mzima huyo si mchezaji, ni mzoga. Wanatujazia visiwa tu. Waondoeni, na kabla hamjawaondoa turuhusuni tuwafagie wenyewe."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, mmoja akayatafsiri kwa Kiingereza akayapeleka kwenye ukurasa wa watengenezaji, yakapanda mpaka juu kabisa. Jioni hiyohiyo Elisha alimpigia Faraja simu kwa furaha amsomee. Na ndiyo jioni ambayo Faraja alikuwa amejipanga kumweleza. Aliposikia neno mzoga, alisema tu, "Hongera," akakata simu.

Basi siku ya pili baada ya ule ugomvi wa barazani, mchana, Faraja akiwa shuleni anasahihisha madaftari, simu ikaita. Nyuma ya sauti ya Elisha kulikuwa na kelele za bandani kwa Hemedi, vijana wanashangilia.

"Fara, nimeshamuuliza yule bwana wako."

"Umemuuliza nini?"

"Nimemuuliza yeye ni nani. Hakujibu. Basi tumemtoa kibandani, nikamburuza mpaka ufukweni. Amekwisha. Vijana wamegawana vitu vyake."

Sauti ya Jafari ikapenya kwa mbali, "Mwambie buti zimenitosha."

Faraja aliweka kalamu nyekundu mezani.

"Fara? Mbona kimya? Yaani unamlilia kweli?"

"Elisha."

"Nakusikia."

"Umemuua Baraka."

"Baraka yupi?"

"Kwani mimi nina Baraka wangapi?"

Akasikia Elisha anawaambia wenzake, "Nyamazeni. Nimesema nyamazeni." Kelele zikakatika.

"Fara, Baraka si alikufa..."

"Alikufa. Huyo ndiye niliyekuwa nimebaki naye. Aliniachia nimlinde."

"Sikujua. Mungu wangu, Fara, mimi sikujua."

Alikata. Simu ikaita tena na tena, kisha zikaanza kuingia meseji. "Naomba upokee." "Nilidhani ni mwanaume wako." "Fara nisamehe, nakufa mwenzio." Faraja alimjibu mara moja tu: "Uliandika ni mzoga. Sasa umempata mzoga kweli. Wajomba zako wasije."

Nyumbani hakujifungia. Aliketi sakafuni sebuleni, laptop mapajani, na Mama Veronika aliporudi kazini akamkuta hapo, uso umevimba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Usinidanganye. Mimi kazi yangu ni hiyo, nazijua sura za watu."

Ikabidi aseme. Alisema yote, Chumvi, samaki, kibanda, Elisha. Alisema bila kumtazama mama yake, akingoja aambiwe kwamba amerukwa na akili. Mama Veronika alisikiliza amesimama, mkoba bado begani.

"Ulikuwa unamlisha?"

"Ndiyo."

"Toka tulipomzika?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Najua mlishaanua matanga."

"Alikuwa anakula vizuri?"

Faraja aliinua macho.

"Alikuwa anakula. Anatafuna, halafu anahema kidogo kama ameshiba."

Mama aliuweka mkoba chini. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya huruma hata kidogo, ilikuwa ya hasira.

"Mimi ndiye niliyemnyonyesha, Faraja. Wewe unamlisha peke yako humo chumbani na mlango umeufunga, mimi napita hapo nje nimebeba mashuka. Hukuona kama na mimi nina mikono?"

"Ulisema tumemaliza."

"Nilisema. Shemeji zangu walikuwa wamekaa hapo wote wananitazama, wanataka kupanda basi warudi kwao. Ungetaka niseme nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hebu nionyeshe."

Faraja akaigeuza laptop. Maiti kwenye Haramia hukaa siku chache kabla mchanga haujaimeza, kwa hiyo Chumvi alikuwa bado pale ufukweni, kifudifudi, na wale kaa wadogo wa kwenye mchezo wanampita. Mama Veronika alipiga magoti, akasogeza uso karibu na kioo.

"Na huku pia wamemvua viatu," alisema.

Hapo ndipo Faraja alipokumbuka kwamba pale ilipotokea ajali ya pikipiki, waliofika kwanza walimvua Baraka viatu kabla hawajaita gari. Walilia wote wawili, sakafuni, na Mama hakutafuta neno la kumtuliza mwenzake.

Alipojifuta, alisema, "Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nampigia huyo kijana aje."

"Simtaki, Mama."

"Sijasema umtake. Nimesema aje."

Elisha alikuja kesho yake alasiri. Usiku kucha, Faraja alijua, maana alisoma kundini, huyu bwana alikuwa anajaribu kuyarudisha maji yaliyomwagika. Aliandika, "Nafuta maoni yangu. Waliolala waachwe. Wapo wanaowalinda." Wakamcheka. "Kapteni kalegea." "Mke kakunyima chakula?" "Si wewe uliyesema mizoga?" Asubuhi watengenezaji wakatoa tangazo: wanawashukuru wachezaji kwa maoni yao, toleo lijalo litawaondoa wote waliolala muda mrefu. Elisha alishinda siku ambayo angetoa chochote ashindwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, mimi kwa kweli sikuj..."

"Sijakuuliza hilo. Wewe kabila gani?"

"Mngoni, Mama."

"Na sisi?"

"Wahehe."

"Kwenu Songea, Mhehe akifa nani anashika jembe?"

Elisha aliinamisha kichwa. "Mtani, Mama. Sisi Wangoni."

"Mwanangu alipokufa sikuwa na mtani. Huku tuko ugenini. Majirani walituzikia, Mungu awalipe, lakini walituogopa, walinong'ona. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenichekesha kama mtani anavyopaswa. Nikalimeza donge hivyohivyo. Wewe huyu umemuua mwenyewe, na ni mtani. Kamzike."

Faraja aliiweka laptop mezani bila kumtazama. Elisha aliingia kwa jina lake, na yule nahodha wake maarufu akatokea ufukweni peke yake, kwenye mtumbwi wa kupiga kasia, na shati limechanika.

"Faraja kaniambia una meli kubwa," alisema Mama. "Iko wapi?"

"Nimempa Jafari."

"Umempa bure?"

"Alikuwa na buti, Mama. Alikataa kuzitoa mpaka nimpe meli."

Elisha alimgeuza Chumvi, akamvalisha buti, mguu mmoja kwanza, vidole vyake vikikosea vitufe. Kisha akatoa lile sepetu ambalo maharamia hufukia nalo hazina, akaanza kuchimba nyuma ya kibanda.

"Ongeza kina. Hilo shimo la kuku."

"Ndiyo, Mama."

"Kichwa kielekee mlimani. Baharini hakutoka kwetu mtu."

Alichimba huku Mama akimsimulia habari za ndevu na za vocha, akamlaza, akafukia. Sauti ya sepetu ilikuwa ileile moja inayojirudia. Mama Veronika alisema Baba Yetu kwa Kihehe, taratibu, mpaka mwisho.

Faraja akatoka uani. Elisha alimfuata akasimama mbali kidogo, karibu na kamba ya nguo.

"Ungeniambia, Fara."

"Ningekwambia lini? Jioni niliyotaka kukwambia ndiyo uliyonipigia kunisomea."

"Nilikuwa natafuta sifa."

"Ukazipata."

"Nilipoona ile picha, kichwa kiliniwaka. Ndevu zile, wewe umepiga magoti. Nikasema huyu ndiye anayempenda, mimi ananivumilia tu."

"Na kama angekuwa mpenzi wangu kweli, ungemwendea akiwa amelala?"

Elisha aliishika kamba ya nguo, akatazama chini.

"Wajomba wanaingia kesho," alisema baadaye. "Niwapigie warudi?"

Mama Veronika akajibu kutoka jikoni, kumbe masikio yote yako nje. "Waje. Ila waje msibani. Hiyo posa waiache kwenye basi."

Jumamosi, kabla ya saa nne, nje kukasikika kilio cha uongo, kile kilio cha mtani chenye madaha. Mjomba Filipo, mzee mfupi mwenye koti la suti, aliingia akijigonga kifua, akajitupa kwenye mkeka mlangoni, akakataa kuinuka.

"Siondoki hapa. Mtoto amekufa mwaka mzima, mtani hakuambiwa. Mlikuwa mnaficha kuku."

Mama Veronika alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Faraja aliona shingo yake inakakamaa, akadhani ameudhika.

"Ninyi Wangoni," Mama alisema taratibu, "hamjawahi kuja msibani kwa ajili ya maiti. Mnafuata harufu ya sufuria."

"Sufuria zetu mlizibeba ninyi mlipotukimbia vitani."

"Aliyekimbia anajulikana. Mpaka leo mna mbio."

"Haya, tuyaache ya wazee. Marehemu alikuwaje?" Filipo alimgeukia mpwa wake. "Wewe muuaji, sema, alikuwaje?"

"Hakuwa na ndevu, Mjomba," Elisha alijibu. "Lakini alizitaka."

Filipo aliinuka, akatoka, akarudi amejibandika makumbi ya nazi kidevuni, ameyashika kwa mkono yasianguke. Akamwendea Mama Veronika, akasimama mbele yake kifua mbele.

"Mama, nimerudi. Nilikwenda kufuata vocha, nimerudi na ndevu. Mbona hamjanipikia?"

Majirani waliokuwa wamekaa ukutani wakashika midomo. Kwa watu wa pwani jambo hilo lingekuwa matusi makubwa. Mama Veronika alimtazama yule mzee na makumbi yake, akacheka. Alicheka mpaka vikombe vikalia kwenye sinia, Faraja akamwahi akampokea, na kicheko kikageuka kilio hapohapo, kilio kikubwa chenye jina la mwanawe, ambacho siku ya arobaini kilikuwa kimezuiwa. Filipo akaketi naye chini, akayatupa makumbi, akalia naye bila mchezo.

Walikula kuku jioni hiyo. Filipo akanawa, akajikohoza, akavaa uso wa mjomba.

"Binti, mtani amezika, amekula, ametukana. Kuna neno lingine tulikuja nalo, tumeambiwa tuliache kwenye basi. Tulifuate, au basi liondoke nalo?"

Elisha alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono katikati ya magoti, hakuthubutu kuinua macho. Faraja alimtazama. Bado alimpenda, hilo lilimuudhi kuliko yote.

"Mjomba, nawashukuru. Mama alianua matanga mwaka jana. Mimi sikuanua. Nilikuwa nalisha mtu ili nisilie. Sasa sina wa kumlisha."

"Kwa hiyo unakataa?"

"Sijakataa. Nina msiba. Mtu hachumbiwi msibani."

Filipo aliitikia kwa kichwa polepole. "Hilo ni neno la mtu mzima. Tutakwenda."

Elisha alisimama. Alimsogelea mpaka sauti yake ikafika kwa Faraja peke yake.

"Nitakaa wapi mimi?"

"Kwako."

"Siwezi kuja hata kukaa hapo barazani?"

Mama yake alikuwa anamtazama, wala hakumsaidia.

"Njoo," alisema. "Ila usiniulize nitamaliza lini."

"Sitakuuliza."

"Ukiniuliza mara moja tu, Eli, usirudi."

Elisha aliitikia kwa kichwa. Hakurudi kwenye kiti. Aliketi palepale kwenye mkeka, chini, ambako wafiwa hukaa. Faraja aliukaza upande wa kanga yake kiunoni, akajilaza begani kwa mama yake, akaanza kumlilia mdogo wake kwa sauti, na watu wakamwacha alie.